Vidole Viwili vya Katibu

Nambis, Mbulu
9 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Mwalimu Efrazia,

Marahaba mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi babu yako Tluway ni mzima, isipokuwa magoti, na haya masikio ambayo unayajua mwenyewe. Juzi kijana wetu Benedict alinibandika simu sikioni nikasikia kelele tupu, kama mahindi yanakaangwa. Kwa hiyo tuendelee na karatasi, simu tuwaachie wenye masikio. Mvua imeanza vizuri na maharage yametoka. Huyo mumeo Clement aliyeninyang'anya mchumba wangu mwambie nimemsamehe, lakini kwa mwaka huu tu.

Sasa jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba fisi wamechukua mbuzi wako wawili, na kwamba unaogopa mwanao Glory akitoka alfajiri kwenda shule. Nakutumia mbwa. Yoakimu atakushushia kutoka kwenye fuso lake pamoja na barua hii. Ana miezi mitatu, ana manyoya marefu mpaka kwenye nyayo, na miguu yake ni mikubwa, kwa hiyo atakuwa mbwa kweli. Nimemwita Katibu kwa sababu wazee wakikutana hapa kwangu yeye hukaa katikati, anasikiliza kila kitu, na hasemi neno.

Usimfunge kamba. Hatatoroka kurudi Nambis. Nimeshamfanyia yale ambayo baba yangu aliwafanyia mbwa wote waliohama hapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi. Mengine ni ya wazee, usiniulize.

Sweta ulilonifumia nalivaa hadi kanisani. Wazee wenzangu wananionea wivu.

Mume wako wa kwanza,
Babu Tluway


Gendabi, Hanang
27 Aprili 2025

Shikamoo babu,

Huku hatujambo. Glory ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anajiona mtu mzima. Clement amemaliza palizi, anasema huo msamaha wa mwaka mmoja ameupokea, ataomba mwingine Januari. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Darasani nina watoto themanini na tisa na chaki ni za kugawana.

Katibu alifika salama, na ulisema kweli. Siku ya kwanza tu alilala mlangoni kama amezaliwa hapa. Hajawahi hata kutazama barabara ya Mbulu. Fisi hawajarudi, na Glory anasindikizwa naye mpaka kwenye geti la shule.

Lakini tangu wiki ya Pasaka anachechemea. Mwanzoni nilidhani ni mwiba. Sasa vidole vyake viwili vimevimba, ukivigusa ni vya baridi, na kimoja kimeanza kuwa cheusi. Kuna harufu, babu. Nilimpigia bwana mifugo Modest kule Endasak. Pikipiki yake imekufa injini, kwa hiyo ameniambia nioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, halafu nitafute vizuri kama kuna kitu kimemkaza. Nimejaribu. Manyoya yameganda na usaha, na kila nikisogeza kidole changu ananionyesha meno. Mimi, ninayempa uji!

Clement ameshapata jibu lake. Unamkumbuka jirani yetu Bura, yule mfugaji ambaye ndama wake waliingia kwenye mahindi yetu mwaka jana. Wazee waliwapatanisha, wakala nyama pamoja, nikadhani yameisha. Jumatano Clement alikuta tanzi la waya kwenye ua wa boma la Bura. Bura anasema ametegea fisi. Clement anasema ametegea mbwa wetu, kulipiza. Hawasalimiani tangu siku hiyo.

Babu, kabla Katibu hajaja huku aliwahi kuumia? Kuna kitu chochote ambacho ningepaswa kujua?

Mjukuu wako,
Efrazia


Nambis
11 Mei 2025

Mjukuu wangu Efrazia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za meno ya Glory. Mwambie ayatupe juu ya bati, yasipotee hovyo. Huku Mzee Herman tumemzika Jumamosi, mvua ikanyesha kaburini, watu wakasema ni baraka. Maharage yamepata wadudu kidogo.

Kuhusu mbwa, endelea na maji ya chumvi. Asali pia ni nzuri kwa kidonda, nimempa Yoakimu chupa moja akuletee. Waya ni kitu kibaya. Nimewahi kuona waya ukikata mguu wa mbwa mpaka mfupa.

Hukuniambia ni mguu upi. Na ni vidole vipi hasa? Niandikie.

Babu yako,
Tluway


Gendabi
1 Juni 2025

Shikamoo babu,

Poleni sana na msiba wa Mzee Herman. Asali imefika, ahsante.

Ni mguu wa mbele wa kushoto. Vidole viwili vya nje, vile vilivyo jirani. Sasa ni vyeusi vyote viwili, vimekauka kama ganda la ndizi lililosahauliwa juani, na hapo vinapoungana na nyama nzima kuna mstari wa usaha. Katibu ameacha kula uji. Modest anasema kwa simu kwamba vidole hivyo vimekufa na havifufuki tena. Hofu yake sasa ni kwamba uozo utapanda mguuni. Injini imepatikana, atakuja Alhamisi.

Ila hilo si kubwa kuliko jingine. Wazee walikaa Jumapili baada ya misa. Clement alileta lile tanzi, akaliweka mezani. Bura aliulizwa mara tatu, mara zote akajibu kwamba waya ni wake lakini mbwa si kazi yake. Mzee Nicodemo, ndiye mkubwa wa wazee hapa, akasema mtu aliyekula nyama ya upatanisho kisha akarudia ugomvi hawezi kuachwa hivihivi. Wamemtenga. Yeye na nyumba yake yote, mpaka akiri. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala chumvi, hakuna kuteka naye maji kwa wakati mmoja.

Bura hakupiga kelele. Alisema tu, "Nikikiri kitu nisichofanya, nitakuwa nimekifanya." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Jenifa, mke wake, ana mimba ya miezi saba. Mtoto wao wa kwanza anakaa dawati moja na wengine wanne, na juzi wale wanne walikuwa wamekaa chini.

Wewe umekaa kwenye vikao vya namna hii miaka mingi, babu. Niambie la kufanya.

Efrazia


Gendabi
12 Juni 2025

Shikamoo babu,

Sijapata jibu lako, lakini naandika kabla Yoakimu hajapita.

Modest alikuja. Clement alikuwa shambani, Glory nilimpeleka kwa jirani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Tulimfunga Katibu mdomo kwa kanga yangu, Modest akachoma sindano ya ganzi, akanyoa manyoya yote ya mguu kwa wembe. Kisha akaanza kukata. Nilidhani nitazimia, sikuzimia. Alifuata ule mstari kati ya nyama iliyokufa na iliyo hai, akasema ukikata kwenye kifo hakuna damu, ukiona damu ujue umefika nyumbani. Vidole viwili vilitoka. Nilivizika nyuma ya banda. Amempiga sindano ya dawa, itarudiwa kwa siku tano, na ametukatia ndoo ndogo kitako tukamvika shingoni asirambe kidonda. Glory amecheka mpaka amelia. Katibu ataishi.

Kabla hajakata, chini ya ule uvimbe, Modest alikuta kitu akakitoa kwa koleo. Akasema, "Mwalimu, huu si waya. Huu ni uzi. Mtu alimfunga akiwa mdogo, mguu ukakua, uzi haukukua. Damu ikakosa njia. Mngeuona mwezi wa nne, angebaki na vidole vyake vyote." Nikamwomba aniachie nimwambie mume wangu mwenyewe. Akasema sawa, akawasha pikipiki akarudi Endasak.

Uzi nimeuosha. Ulipotoka kwenye sabuni, rangi yake ikarudi. Ni kijani, babu. Rangi hiyo niliinunua mwenyewe Katesh, mabunda manne, na yote yaliishia kwenye kazi moja.

Sijamwambia Clement. Sijamwambia mtu. Nasubiri neno lako.

Efrazia


Nambis
6 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Magoti yananisumbua ndiyo maana nimekawia. Maharage tumevuna magunia sita. Benedict amepata mchumba, binti wa watu wa Dongobesh, mpole, anajua kukamua. Paroko mpya ameanza, anahubiri kwa haraka sana, sisi viziwi anatuacha njiani.

Nimefurahi mbwa amepona.

Sweta nimelikunja nimelihifadhi kwenye sanduku. Mwaka huu hakuna baridi.

Msalimie Glory.

Babu yako,
Tluway


Gendabi
20 Julai 2025

Shikamoo babu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeigeuza hata nyuma, labda kuna kitu umeandika huko.

Babu, mimi nimekulia mikononi mwako. Ulinifundisha kusoma kwa katekisimu yako kabla sijaingia shule. Kwa hiyo naomba unisamehe kwa ninayosema, na usiponisamehe nitayasema hivyo hivyo. Huu ni mwezi wa Julai. Nambis mnaamka mkiwa mmejifunika mablanketi mawili. Usiniambie hakuna baridi.

Jenifa amejifungua Jumanne iliyopita, kabla ya siku zake. Ilikuwa saa nane mchana. Bura alikuwa mbali malishoni na ng'ombe wake. Wanasema aliita. Wanawake walikuwa kisimani, wakasikia, wakatazamana, hakuna aliyekwenda, kwa sababu wazee wamekataza. Alijifungua peke yake sakafuni. Kitovu cha mtoto alikikata kwa wembe, akakifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye shuka lake. Mtoto yuko hai. Ni wa kike. Jenifa alitoka damu nyingi na bado hawezi kusimama.

Mimi ndiye niliyekaa na ule uzi mwingine kwenye kopo la majani ya chai tangu Juni. Nilijiambia nangoja babu aseme, maana ni jina la babu. Nimeona haya kwa ajili yako, na sasa naona haya kwa ajili yangu, na ya kwangu ni nzito zaidi. Ningekuwa na ujasiri ningekwenda kwa Mzee Nicodemo leo hii. Sina. Nimezoea kukutii.

Sema, babu. Nakuomba sana.

Efrazia


Nambis
2 Agosti 2025

Efrazia mjukuu wangu,

Leo usiniamkie. Mimi ndiye ninayepaswa kukuomba radhi kwanza.

Nilimfunga. Baba yangu alikuwa akichomoa uzi kwenye nguo ya yule anayempokea mbwa, au nguo iliyopita mikononi mwake, anafunga vidole viwili vya nje vya mguu wa kushoto. Alisema mbwa husoma njia kwa vidole, ukivifunga anasahau njia ya kurudi. Nguo zetu zilikuwa za pamba. Uzi ulioza wenyewe kwa wiki mbili tatu, ukadondoka, hakuna aliyeufikiria tena. Mimi nilichomoa kwenye pindo la sweta kwa sababu wewe ndiye uliyelifuma. Sikufikiria kwamba uzi wa siku hizi ni nailoni na hauozi. Nilikaza kwa upendo, Efrazia. Ndivyo ilivyokuwa.

Ulipouliza mwezi wa nne, moyo ulishtuka. Ndiyo maana nikauliza ni vidole vipi. Hata kabla hujajibu nilikuwa nimeshajua. Nikasema moyoni: hapa kuna vidole viwili vya mbwa, na hapa kuna jina la mzee wa miaka sabini na minane, katekista mstaafu, ambaye watu humwita kuja kuwaamulia. Nikachagua jina. Sikujua kama kuna mama mjamzito kwenye mzani huo, na nilipojua, nilikuwa nimeshanyamaza mara moja, na kunyamaza mara ya pili ni rahisi zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga kura ya kutenga watu mara tatu. Usiku silali nikiwahesabu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni ya wazee wa Gendabi. Isome mbele yao wote, Bura akiwepo, kwa sauti yako ya darasani. Yoakimu amepakia kondoo jike na mwanawe, ni wa mtoto wa Jenifa. Wazee wakiniita nitakuja, hata kama ni kubebwa juu ya magunia ya vitunguu.

Sweta nalirudisha. Siwezi kulivaa.

Babu yako,
Tluway


Gendabi
19 Agosti 2025

Shikamoo babu,

Nakuamkia, upende usipende.

Wazee walikaa Ijumaa kwenye darasa langu la awali, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali nje. Walikaa kwenye vibenchi vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na hakuna aliyecheka. Bura alisimama mlangoni, maana aliyetengwa haketi. Clement alikuwa mstari wa mbele.

Niliisoma karatasi yako kwa sauti ya darasani kama ulivyosema. Nilisoma pale unapojitaja jina na jina la baba yako. Nilisoma habari za uzi na vidole. Nilisoma, "Bura ni msafi, mchafu ni mimi." Mzee Nicodemo alivua kofia yake akaishika.

Halafu nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule ulioandika, "Mjukuu wangu Efrazia hakujua lolote mpaka alipoisoma barua hii."

Nilinyamaza, babu. Mzee Nicodemo alidhani mwandiko wako umenishinda, akasema, "Pole pole, mwalimu, mwandiko wa zamani huo." Niliona ulichofanya. Ulikuwa umeniwekea mlango wazi na kunisukuma nitoke, wewe ubaki ndani peke yako. Ningeusoma mstari ule, leo ningekuwa mwalimu Efrazia yuleyule.

Sikuusoma. Nilikunja karatasi nikasema nimejua tangu siku ile Modest alipokata, na kwamba uzi uko jikoni kwangu kwenye kopo la chai. Clement aligeuka akanitazama. Amenitazama hivyo hivyo siku nne sasa. Anakula ninachopika, anajibu ninachouliza, lakini hanitanii tena.

Wazee walimfungulia Bura palepale. Clement alisimama akampa mkono, akasema, "Ndugu yangu, nimekukosea." Bura akaupokea. Kondoo amemchukua, amesema ni wa mtoto na yeye hana ruhusa ya kumkatalia mtoto. Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akauliza, "Mwalimu, siku ile mke wangu alipoita, wewe ulisikia?"

Kwenye barua yangu ya Julai nilikuandikia "wanasema aliita". Siyo wanasema. Nilikuwa natoka shule, nimefika kwenye ua wetu, nina ufunguo mkononi. Aliita jina langu. Aliita mara mbili. Katibu alitega masikio, akanitazama, akakimbilia kule na ndoo yake shingoni, na mimi nikafungua mlango nikaingia ndani.

Nikamjibu Bura, "Nilisikia."

Akatikisa kichwa, akatoka.

Wazee hawakuniadhibu. Mzee Nicodemo alisema mimi ni mtoto aliyekuwa anamlinda babu yake, na kwamba hata wao wamekosea, basi tusameheane. Walisali, wakaondoka. Nawe hawakuiti, wanasema magoti yako yanatosha kuwa adhabu.

Sweta nimelirekebisha pindo pale ulipochomoa, na Yoakimu analirudisha. Livae. Baridi haijali nani alikosea.

Katibu anatembea vizuri, ukimtazama haraka huwezi kujua. Kila asubuhi akishamfikisha Glory shuleni anavuka kwenda kwa Bura, analala mlangoni kwa Jenifa mpaka mchana. Hakuna aliyemfunga kitu. Mimi nami napita pale kila asubuhi. Jenifa huwa amekaa nje anamwotesha mtoto jua. Nasimama kwenye ua nasema, "Habari za asubuhi, mama." Yeye anamfunika mtoto vizuri, anatazama ng'ombe. Wazee wamemaliza kazi yao, babu, yeye bado, na haki hiyo ni yake.

Nitaendelea kumsalimia. Leo ilikuwa siku ya nne.

Mjukuu wako,
Efrazia